M ya maji kwenye daftari la mahudhurio

Daftari lenyewe ni kaunta buku la kawaida, gamba gumu, kingo zimechakaa, limefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Linakaa chini ya meza ya kukatia vitambaa, pamoja na mkasi na futi kamba. Duka ni la mashuka na mapazia, Kariakoo upande wa Jangwani, mitaa michache kutoka klabu ya Yanga. Nilikwenda pale kuuliza bei za majora kwa ajili ya habari nyingine kabisa. Habari ile iliisha kwa aya mbili. Daftari ndilo lililonikosesha usingizi.

Kila ukurasa una majina saba kushoto na tarehe juu. Chini ya tarehe ni alama. Vema ni aliyekuja. R ni ruhusa. Duara tupu ni aliyefiwa. Duara lenye nukta katikati ni aliyetumwa kwenye msiba wa mwenzake kuliwakilisha duka, na siku hiyo inahesabiwa kuwa ya kazi, kwa malipo yale yale. Halafu kuna M, iliyoandikwa kwa peni ya kijani. Kurasa za Aprili zimejaa M, na zote zinaangukia kwenye majina manne yale yale. Majina matatu yaliyobaki hayana hata moja.

“Hao wanne wanavuka Jangwani,” alisema mwenye duka. Wawili wanakaa Magomeni, mmoja Kigogo, mmoja Kimara. M ni maji.

Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji maelezo marefu hapa. Mto Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro inafungwa pale bondeni, mabasi ya mwendokasi yanasimama, na mtu wa Magomeni anayeiona Kariakoo kwa macho analazimika kuzungukia Mandela na Buguruni au kupitia Daraja la Salenda. Nauli inaongezeka, na akifika, asubuhi ya biashara imekwisha.

Mwenye duka ni mama wa makamo aliyeanza kwa kuuza foronya mkononi. Vijana wake wanamwita Bosi. Aliniomba nisimtaje jina, lakini hakuninyima maneno. Zamani, alisema, kanuni yake ilikuwa moja tu: hukuja, hulipwi. Aliiona ni ya haki kwa sababu haikumpendelea mtu. Mpaka siku moja ya masika binti mmoja anayefanya kazi dukani aliingia saa nne akiwa ameloa hadi kiunoni. Alikuwa amelipa vijana wa mikokoteni wamvushe, na katikati ya maji mkokoteni ukayumba.

“Nikamwambia, mwanangu, ungesombwa ningemweleza nini mama yako? Akanijibu bila hasira: Bosi, ningekaa nyumbani ungenikata elfu kumi.”

Alinyamaza kidogo, akalikunja shuka alilokuwa ameshalikunja. “Nikaona kumbe daftari langu ndilo lililomtuma mtoni.”

Wiki ile ile M ikaingia ukurasani. Anayezuiwa na maji analipwa siku yake nzima, ila hapati hela ya kula. Mama alidhani amemaliza. Siku ya pili tu, wale watatu wa Ilala na Buguruni wakamjia pamoja. Walikuwa wamehudumia wateja wa Lubumbashi na wa Komoro tangu asubuhi, wamebeba majora ya watu saba, na jioni wanalipwa sawasawa na aliyelala. Hoja yao ilikuwa nzito, na yeye hakuwapuuza. Aliwaomba muda, akaenda kulifikiria.

Uamuzi aliorudi nao ndio niliousoma mara nyingi kwenye kurasa zile, kwa sababu umeandikwa kwa hesabu ndogo ndogo pembezoni: hela ya kula ya wasiokuja haibaki kwenye droo, inagawanywa kwa waliokuja. Kamisheni ya mauzo ya siku hiyo nayo ni yao peke yao. Duka halitoi shilingi zaidi ya ile ya kawaida, aliyezuiwa na mto hafi njaa, na aliyebeba mzigo anaona jasho lake.

Likabaki suala la uongo. Kijana mmoja aliandikiwa M siku ambayo maji yalikuwa yameshapungua tangu alfajiri. Mama hakumwita wala hakumkaripia. Aliwauliza wale wengine watatu wanaovuka. Tangu hapo peni ya kijani si yake tena. M inaandikwa na mwenzake anayekaa ng'ambo ile ile, kesho yake asubuhi, mbele ya wote.

“Mimi nakaa Ilala,” alisema. “Nitayajuaje maji ya Kigogo?”

Kanuni zake zilinikumbusha Mfaransa Henri Fayol, mhandisi aliyeongoza kampuni ya migodi, ambaye mwaka 1916 aliandika misingi 14 ya kuendesha kazi, na wanafunzi wa biashara wanaisoma mpaka leo. Mmoja wa misingi hiyo ni insafu. Fayol alisema kushika kanuni peke yake hakutoshi, lazima kanuni ichanganywe na wema ndipo watu wafanye kazi kwa moyo. Chuo cha Elimu ya Biashara, kilichoanzishwa mwaka 1965, kiko mwendo wa miguu kutoka dukani hapa, lakini mama huyu aliishia darasa la saba. Nilipomweleza habari ya Fayol alikubali nusu. Wema usioandikwa, alisema, unaleta ugomvi. Leo unampa huyu kwa huruma, mwezi ujao mwenzake anadai, na wewe umeshasahau ulitoa kwa sababu gani.

Nikafungua kurasa za Mei 2023. Pale kuna F, ya kufunga, mfululizo, kwa majina yote saba. Ni siku za mgomo wa wafanyabiashara wa Kariakoo, ulioanza tarehe 15 kwa malalamiko ya kodi na kamatakamata, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipokutana nao Mnazi Mmoja tarehe 17. Kwa siku za F aliwalipa wote kamili, na hela ya kula juu. Sababu yake ni fupi: “Mlango nimefunga mimi. Wao walikuja kazini.” Mgomo wa Juni 2024 ulipotokea, alifanya vile vile.

Basi ana msingi wake: aliyefunga mlango ndiye anayelipa. Lakini barabara ya Jangwani anaifunga nani? Mvua? Waliojenga bondeni? Waliopitisha barabara bondeni na kuweka hapo hata karakana ya mabasi? Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa Bonde la Msimbazi, na daraja jipya refu ni sehemu ya mradi huo. Kwa miaka yote ya kusubiri, hasara ya mto imebebwa na droo ya mama mmoja muuza mashuka, na kwenye maduka mengine imebebwa na tumbo la kibarua. Nilimuuliza kama aliwahi kufikiri kumdai mtu. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

Kuna uamuzi wake mmoja ambao mimi sikuafikiana nao kwa urahisi. Februari 2025 serikali ilizindua biashara ya saa 24 Kariakoo. Mama alipiga hesabu akakataa kufungua usiku. Sheria inataka kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi iongezewe asilimia 5 ya mshahara wa msingi, na kwa maoni yake asilimia tano haimfikishi mtu Kimara salama saa nane usiku. Lakini kijana mmoja, aliyekuwa na mtoto mchanga, alitaka zamu hiyo. Aliomba mara mbili. Akakataliwa, akahamia duka linalokesha. Jina lake limekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka.

Nilimwambia mama kwamba kwenye maji aliwaachia wenye kujua waamue, na kwenye usiku aliamua yeye bila kuwauliza. Alichukua mkasi akaanza kukata pazia la mteja. Alipomaliza urefu wa dirisha alisema tu kwamba kijana yule alikuwa mkweli, na kwamba bado anampigia simu.

Na kuna jambo la mwisho, ambalo ndilo zito kuliko yote. Hakuna hata mmoja kati ya vijana wa duka hili mwenye mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amwandikie mfanyakazi masharti ya kazi yake, na inataja saa 45 za kazi kwa wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka na siku 84 za uzazi. Mama anaamini daftari ndilo mkataba. Ninamheshimu, na ninasema amekosea. Akiugua, au akiuza duka kesho, M inaondoka naye, na mwenye duka mpya anaweza kurudi kwenye hukuja, hulipwi, bila binti yule kuwa na karatasi ya kumwonyesha.

Masika huanza Machi. Wenye maduka ya Kariakoo, Jangwani na Gerezani, kaeni na vijana wenu kabla ya mvua. Kubalianeni nani analipwa nini siku barabara ikifungwa, muandike, mtie saini, na kila kijana aondoke na nakala yake.