Kwa Nini Bei ya Kahawa Hupanda na Kushuka kwa Kishindo

Wakulima wa Meru na Embu huuliza mara nyingi: "Watu wa Ulaya na Marekani hunywa kahawa kila siku, wala hawazidishi wala kupunguza vikombe vyao sana. Mbona basi malipo yetu mwaka mmoja ni mazuri, na mwaka mwingine hayatoshi hata karo ya shule?" Swali hili ni la haki, na jibu lake yafaa lijulikane na kila mwenye shamba.

Tuanze na mfano wa sukari. Tuseme mwenye duka huko Runyenjes huuza magunia 10 kila juma, na desturi yake ni kuanza juma akiwa na akiba ya majuma mawili, yaani magunia 20. Juma moja wanunuzi wachukua 12, yamebaki 8. Naye, akidhani kwamba haja sasa itakuwa 12 daima, ataka akiba ya 24. Kwa hiyo aagiza 16. Mwenye ghala mjini Embu huweka akiba kwa desturi iyo hiyo. Akiisha kutoa 16 abaki na 4, naye ataka 32; basi aagiza kiwandani 28. Juma la pili duka lauza 12 tena, nalo laagiza 12 tu. Mwenye ghala amebaki na 20, na sasa ataka 24, aagiza 4.

Tazameni: walaji waliongeza magunia 2 tu, lakini kiwanda kiliagizwa 28, kisha 4. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja aliona agizo la jirani yake, wala hakumwona mlaji. Jambo hili lilielezwa kwa hesabu na Mmarekani Jay Forrester katika kitabu chake cha mwaka 1961.

Kahawa hupita mikono mingi kuliko sukari: kiwanda cha chama cha ushirika, mashine za kukoboa, mnada wa Nairobi, wasafirishaji, wakaangaji wa ng'ambo, na maduka yao. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliharibu mibuni mingi ya Brazil. Wanunuzi wakaogopa upungufu, wakanunua kupita haja yao ili kujaza maghala. Ratili moja, iliyokuwa chini ya dola moja kabla ya baridi ile, ilipita dola tatu mwezi wa Aprili 1977. Kisha wanywaji wakapunguza vikombe, wenye maghala wakatumia akiba zao badala ya kuagiza, na bei ikaanguka.

Mkulima naye yuko mwisho wa mkondo huo, na mti wake hauwezi kuharakishwa. Mbuni huanza kuzaa vizuri baada ya miaka mitatu au minne. Aliyepanda kwa kufuata bei ya mwaka 1977 alivuna wakati bei hiyo imekwisha kupita. Hali kadhalika, mapatano ya mataifa ya kugawana mauzo yalipovunjika mwezi wa Julai 1989, bei zilishuka sana, na wengi waliacha kupogoa na kupiga dawa. Kenya, iliyotoa tani karibu 130,000 katika msimu wa 1987/88, ilikuwa ikitoa kati ya 40,000 na 50,000 katika miaka mingi ya baadaye. Bei zilipopanda tena, mashamba yaliyoachwa hayakuwa na cha kuuza.

Basi mkulima afanyeje? Kwanza, asipande wala asitupe shamba kwa sababu ya bei ya mwaka mmoja. Pili, katika mkutano wa chama aulize si bei ya mnada tu, bali pia habari za akiba zilizomo katika maghala ya wanunuzi. Maana ghala lililojaa ni dalili ya bei kushuka. Tatu, katika mwaka wa malipo mema aweke fungu la karo ya mwaka ujao. Akiba haiozi.