Askari wa Mwili na Ugonjwa wa Saratani

Neno saratani linatisha. Mtu akiambiwa ana saratani, jamaa huanza kulia kabla hata hawajamwuliza daktari swali. Wengine husema mgonjwa amelogwa. Wengine humrudisha nyumbani kusubiri siku yake. Leo tunawaletea habari ya mtaalamu mmoja wa Marekani, James Allison, ambaye kazi yake imeonyesha kwamba mwili wenyewe unaweza kupigana na ugonjwa huu.

SARATANI NI NINI?

Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali. Lakini seli ni ndogo mno, huwezi kuiona kwa macho matupu. Kila seli ina kazi yake. Huzaa seli nyingine, huzeeka, halafu hufa. Hiyo ndiyo desturi ya mwili.

Mara nyingine seli moja huharibika. Haisikii amri tena. Huzaana ovyo, wala haifi inapotakiwa kufa. Seli zinazotokana nayo nazo ni korofi vilevile. Hapo uvimbe hutokea. Baadaye seli hizo husafiri ndani ya mwili na kuota mahali pengine, kama magugu yanavyotoka shamba moja kwenda la jirani. Hiyo ndiyo saratani. Si uchawi. Wala huwezi kuipata kwa kula pamoja na mgonjwa au kumwogesha.

SUNGUSUNGU WA MWILI

Katika damu yetu kuna seli nyeupe. Hizi ndizo sungusungu wa mwili. Zinalinda usiku na mchana. Baadhi yake wataalamu huziita seli T. Seli T hupita huku na huku zikikagua seli nyingine, kama zinauliza, "Wewe ni mwenyeji au mgeni?" Zikikuta seli iliyoingiwa na virusi, huiua. Wale waliosoma habari za Ukimwi wanajua jambo hili. Virusi vya Ukimwi huharibu seli T, na mwili hubaki bila ulinzi.

Basi kuna swali. Ikiwa tunao askari hodari namna hii, mbona hawaiui saratani?

KIJANA WA MJI WA ALICE

James Allison alizaliwa mwaka 1948 katika mji mdogo uitwao Alice, jimbo la Texas. Baba yake alikuwa daktari. Mama yake alikufa kwa saratani ya tezi, James akiwa bado mtoto. Miaka ya baadaye saratani ilimchukua pia kaka yake.

James alipenda sana sayansi. Alipokuwa sekondari aliona kuwa somo la biolojia shuleni kwao limeacha mafundisho ya Darwin juu ya mabadiliko ya viumbe. Akakataa kulisoma hivyo. Badala yake alisoma somo hilo kwa njia ya posta, kutoka Chuo Kikuu cha Texas. Kumbe elimu kwa njia ya posta inaweza kumfikisha mtu mbali! Mwaka 1973 alipata shahada ya udaktari wa falsafa katika chuo kikuu hicho hicho.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilihusu hizo seli T. Mwaka 1982 yeye na wenzake walieleza kitu kilicho juu ya seli T ambacho huiwezesha kumtambua adui. Tuseme ni kama mkono wake wa kupapasia.

BREKI YA SELI T

Miaka ya 1990 Allison alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley. Huko alichunguza kitu kingine kilicho juu ya seli T. Kinaitwa CTLA-4. Wataalamu wengine walidhani kitu hiki kinaongeza mwendo wa seli T. Allison na wengine wachache waliona kinyume chake: hiki ni breki.

Tufikirie baiskeli inayoteremka mlimani. Bila breki utaumia. Seli T nazo zinahitaji breki. Zisipozuiwa, zikishamaliza adui zitaanza kupiga wenyeji, yaani mwili wenyewe. Kwa hiyo breki ni kitu chema. Taabu ni kwamba breki hiyo inaweza kuwazuia askari mapema mno, saratani ikiwa bado ipo.

Allison akajiuliza, "Je, tukiiachia breki hiyo kwa muda, askari wataipiga saratani?"

Mwisho wa mwaka 1994 yeye na wenzake walijaribu. Walichukua panya wenye uvimbe wa saratani. Wengine waliwapa dawa ya kuzuia breki. Wengine hawakuwapa dawa hiyo. Panya waliopata dawa walipona. Wale wasiopata, uvimbe uliendelea kukua. Wataalamu hawakushangilia tu na kwenda zao. Walirudia jaribio lile lile wakati wa likizo ya Krismasi, wahakikishe kwamba hawakubahatisha. Mwaka 1996 walitangaza matokeo yao.

KUTOKA PANYA HADI MTU

Panya si mtu. Ilibidi dawa itengenezwe kwa ajili ya watu. Allison aliziendea kampuni za dawa, lakini kadhaa zilikataa. Watu walikuwa wamechoka na ahadi za namna hii zilizoshindwa huko nyuma. Hatimaye kampuni ndogo iitwayo Medarex ilikubali. Mwaka 2004 Allison alihamia hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York, awe karibu na madaktari waliokuwa wakiijaribu dawa hiyo kwa wagonjwa.

Siku moja huko New York aliitwa amwone mgonjwa. Alikuwa mwanamke kijana. Saratani ya ngozi iitwayo melanoma ilikuwa imemwenea mwilini. Alipopewa dawa ile, saratani ilitoweka. Mwanamke yule alimkumbatia Allison, na mtaalamu yule akalia machozi.

Lakini mgonjwa mmoja hatoshi kuwa ushahidi. Dawa ilijaribiwa kwa mamia ya wagonjwa wa melanoma. Mwaka 2010 matokeo yalitangazwa: waliopewa dawa waliishi muda mrefu kuliko wasiopewa. Mwaka 2011 serikali ya Marekani iliruhusu itumike. Dawa hiyo inaitwa ipilimumabu. Mwaka 2018 Allison alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Tasuku Honjo wa Japani, ambaye mwaka 1992 aligundua breki nyingine ya seli T.

TUSEME UKWELI WOTE

Dawa hizi si muujiza. Katika wagonjwa 10 wa melanoma iliyoenea waliopewa dawa ya Allison, kama 2 hivi walikuwa hai baada ya miaka 3. Wengi wa hao waliendelea kuishi miaka mingi. Ni jambo kubwa, kwa sababu zamani wengi walikufa kabla ya mwaka kwisha. Lakini wengine haikuwasaidia.

Tena, ukiachia breki, askari huweza kuushambulia mwili. Wagonjwa wengine hupata maradhi makali ya utumbo, ini au ngozi. Ndiyo maana dawa hizi hutolewa hospitali tu. Zaidi ya hayo, ni ghali sana.

Kwa hiyo tujihadhari. Mtu akikuuzia chupa mnadani akisema, "Hii inaongeza kinga, inatibu saratani zote," mwulize: Ilijaribiwa kwa wagonjwa wangapi? Ililinganishwa na nini? Nani alirudia jaribio? Allison alijibu maswali hayo kwa miaka zaidi ya 15. Mwuza chupa naye ajibu.

SISI TUFANYE NINI?

Saratani nyingi hutibika zikiwahiwa. Usikae nyumbani ukiona mojawapo ya haya:

1. Uvimbe usioondoka, hasa kwenye titi au shingoni.
2. Kidonda kisichopona.
3. Mwanamke kutokwa damu baada ya kukoma hedhi, au baada ya tendo la ndoa.
4. Taabu ya kumeza chakula.
5. Kukonda bila sababu.

Nenda zahanati au kituo cha afya upimwe. Ikibidi, utapelekwa hospitali kubwa. Ocean Road mjini Dar es Salaam na Bugando mjini Mwanza hutibu saratani.

Pia tuwapeleke mabinti zetu kupata chanjo ya HPV, ambayo Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018. Chanjo hiyo nayo hutumia askari wa mwili. Huwafundisha kumjua adui kabla hajaingia, ili mlango wa kizazi usipate saratani baadaye. Haihitaji kuachia breki, na haina gharama ya dawa zile.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini seli T zinahitaji breki?
2. Kwa nini Allison na wenzake waliwaacha panya wengine bila dawa?
3. Katika kijiji chetu, ni mambo gani yanayowachelewesha wagonjwa kwenda hospitali? Tufanye nini kuyaondoa?