Wajeda walipotumwa kuwinda 'mumiani' wa angani!

Msomaji, hebu jiweke kwenye hali hii. Ni usiku, umelala zako ndani, joto kali, dirisha umeliacha wazi. Mara mwanga unashuka kutoka juu, unapenya mpaka kitandani na kukutua kifuani. Unataka kupiga kelele, sauti haitoki. Asubuhi unajikuta na alama kama ya kuungua.

Usicheke. Ndivyo walivyosimulia watu wa Colares, kisiwa cha wavuvi kaskazini mwa Brazil, katika jimbo la Pará, mwaka 1977. Mwanga huo wakaupa jina la 'chupa-chupa', yaani mnyonyaji, kwa sababu waliamini unawanyonya damu. Kwa lugha ya kwetu tungesema mumiani, ila huyu alipitia angani!

Kisiwa kikawa hakikaliki. Jua likizama, watu walijikusanya nyumba moja, wakawasha mioto na kupiga masufuria ili 'kitu' kiogope. Wavuvi nao wakawa wanaogopa kwenda baharini usiku. Sasa mvuvi asipovua, watoto watakula nini? Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Daktari wa kituo cha afya, mwanamama Wellaide Cecim Carvalho, alieleza baadaye kwamba alipokea wagonjwa wenye majeraha kama ya moto, pamoja na vitundu vidogo kwenye ngozi.

Kilio kikafika kwa wakubwa. Enzi hizo Brazil ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi, na Jeshi la Anga lilikuwa na kamandi yake mjini Belém, mji mkuu wa jimbo hilo. Likatuma kikosi kikiongozwa na Kapteni Uyrangê Hollanda. Kazi yao ikaitwa Operação Prato, maana yake Operesheni Sahani. Bila shaka umeshaelewa ni sahani gani, si ile ya pilau!

Wajeda hao hawakwenda na mizinga. Walibeba kamera na madaftari. Mchana walizunguka kwa wananchi kuwahoji, usiku walikesha macho juu. Walipiga picha za mianga, wakachora ramani, wakaandika saa na mahali kilipoonekana kila kitu. Baada ya miezi michache, operesheni ikafungwa, na makaratasi yakafungiwa kabatini.

Kimya kikatanda miaka 20. Kisha mwaka 1997 Hollanda, akiwa amestaafu, akaamua kufunguka. Alihojiwa na jarida moja la Brazil linaloandika habari za visahani vya angani, akasema alikwenda kule akiwa haamini hata kidogo, lakini aliyoyaona kwa macho yake yalimgeuza. Mwaka huohuo akafariki dunia.

Wasioamini nao wana yao. Wanasema sayari ya Zuhura, satelaiti au ndege vinaweza kumchanganya mtu yeyote gizani, na kwamba hofu ikishaingia kijijini huambukiza kuliko mafua. Hoja nzito hiyo. Picha ya nukta nyeupe kwenye giza haithibitishi kuna mgeni kutoka sayari nyingine.

Lakini hofu ya wale watu ilikuwa ya kweli, na walichohitaji ni mtu wa kurudi kuwaambia: jamani, tumechunguza, tumekuta hiki na hiki. Badala yake kurasa nyingi zilikuja kufunguliwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya nyaraka miaka zaidi ya 30 baadaye, wakati wengi waliokesha wakipiga masufuria walishazeeka.

Na mwaka 2010 Jeshi la Anga la Brazil lilitoa amri kwamba kazi yake ni kupokea taarifa za vitu hivyo, kuziandika na kuzipeleka Hifadhi ya Taifa. Basi!

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiona mwanga wa ajabu ukiwa Colares, mjeda ataandika. Kukujibu ni habari nyingine.