Mbwa Ndani ya Nyumba: Tutandike Nini?

Katika nyumba nyingi za Uganda mbwa hulala nje akilinda. Lakini siku hizi wako wengi, hasa mijini, wanaomruhusu aingie sebuleni, na hapo huzuka ubishi: mama asema atoke, watoto wasema abaki. Kwetu ubishi ulikuwa mkali zaidi, kwa sababu tunaye mdogo wetu atambaaye sakafuni. Nimeona vema niwaeleze wenzangu, na nyinyi mliokwisha kutoka shuleni mkawa na nyumba zenu, namna ya kuumaliza.

Kwanza tumjue adui. Si mbwa mwenyewe, ni kiroboto. Kiroboto jike aweza kutaga mayai 40 kwa siku moja. Mayai hayo hayanati katika manyoya, bali huanguka po pote mbwa alalapo. Mabuu watokao humo hukimbia mwanga, wakaingia chini ya mazulia na katika nyufa. Kisha hujifungia katika vifuko, na humo waweza kungoja miezi kadha hata wasikie kishindo na joto la mtu au mnyama apitaye. Ndiyo maana nyumba iliyofungwa muda mrefu hujaa viroboto siku wenyewe warudipo. Basi kumtibu mbwa peke yake hakutoshi, maana sehemu kubwa ya viroboto haiko mwilini mwake, imo nyumbani.

Kwa hiyo kabla ya kununua kitu cho chote cha sebuleni, tujiulize: Je, chaweza kutolewa nje, kikakung'utwa, na kukauka siku ile ile? Mabuu hawaishi penye ukavu na jua kali.

Mkeka wa ukindu hushinda mtihani huo barabara. Ni mwepesi, na nywele za mbwa hufagiliwa kwa urahisi. Lakini mchanga hupenya katika msuko, hivyo hapana budi kuuinua na kufagia chini yake. Usiachwe juani kutwa siku nyingi, maana utakatika. Wala usikunjwe ukiwa mbichi, maana utaota ukungu.

Zulia la mkonge ni imara, lakini hunywa maji, na mkojo huacha alama. Zulia la sufu hustahimili uchafu, lakini maji ya moto hulifanya linywee, nalo ni zito kulitoa nje.

Pamba ndiyo rafiki yetu. Foronya na vitambaa vya viti vyaweza kufuliwa kwa maji ya moto, ambayo huua mayai na mabuu. Mbwa wetu ana shuka lake la pamba, nami hulifua kila Jumamosi. Mito ya sufi isiloweshwe, maana sufi hufanya mabonge. Ivishwe foronya zenye vifungo, ili zivuliwe upesi.

Viti vya mbao vilivyopakwa nta ya nyuki hupanguswa tu. Ngozi pia hupanguswa, ila kucha huikwaruza. Na ile nguo ya magome ya mti wa mutuba, ambayo Waganda huiita olubugo, na ambayo UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2008, si kitu cha kusuguliwa kwa sabuni. Itundikwe juu ukutani.

Mbwa akikojoa ndani, kausha kwa kitambaa bila kusugua, kisha osha kwa maji yenye siki kidogo. Usitumie dawa ya amonia: harufu yake hufanana na ya mkojo, naye mbwa atarudi pale pale.

Mwisho, wenzangu tuendao likizo: tukikuta nyumba ilifungwa, tusikimbilie kukaa. Tutoe mikeka na mito yote juani, tufagie nyufa, tuchome takataka. Ni kazi ya asubuhi moja, na haihitaji fedha.