Gor Mahia, mbona kila dirisha la usajili tunaanza upya?

Dirisha la usajili likifunguliwa, shabiki wa K'Ogalo utamjua tu. Pita Kondele jioni, pita Kibuye, panda bodaboda ya kwenda Dunga, stori ni moja: nani anatoka? Sikia vizuri. Mashabiki wa timu nyingine huuliza nani anakuja. Sisi tumezoea kuuliza nani anaenda.

Mwaka 2025 swali hilo liliuma zaidi. Kenya Police walitwaa ligi kwa mara ya kwanza kabisa, na sisi tuliokuwa mabingwa watetezi tukamaliza wa pili. Najua utaniambia, "Omera, nafasi ya pili ni shida gani? Kuna timu zingepika pilau kwa nafasi hiyo." Ni kweli. Lakini hii ni klabu iliyokuwa na mataji 21 ya ligi kufikia 2025, hakuna nyingine Kenya inayoikaribia. Na kinachoniuma si nafasi ya pili. Kinachoniuma ni kwamba wengi wetu tuliliona hili likija tangu Agosti 2024, kwa sababu tumeshaliona mara nyingi.

Ngoja nikwambie ninavyoiona mimi. Gor haikosi vipaji, na haikosi mashabiki. Gor inakosa kukaa na timu moja. Tunajenga kikosi, kinaanza kuelewana, halafu tunakiachilia kiende na kuanza tena kutafuta majina. Kila dirisha ni kama klabu imezaliwa jana.

Simba walivyotuvunja uti wa mgongo

Tuanze na mwaka 2018, maana hapo ndipo mtu yeyote mwenye macho aliona picha yote.

Mwezi Juni, uwanja wa Afraha, Nakuru, fainali ya SportPesa Super Cup: Gor Mahia 2, Simba 0. Meddie Kagere akafunga, Jacques Tuyisenge akafunga. Ushindi huo ulitupa safari ya Goodison Park kucheza na Everton mwezi Novemba. Unajua nini kilitokea kabla hata hatujapanda ndege? Kagere alikuwa tayari amevaa jezi ya Simba. Yaani tuliwapiga kwenye fainali, nao wakatuchukulia mfungaji wetu. Alipofika Dar es Salaam akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania msimu wake wa kwanza. Msimu wa pili akarudia.

Mwaka huohuo Godfrey Walusimbi, beki wetu wa kushoto, akaenda Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini. Na hii yote ilitokea tukiwa katika makundi ya Kombe la Shirikisho la CAF, kundi moja na USM Alger, Rayon Sports na Yanga. Yanga tuliwafunga nyumbani 4-0, tukawafunga na kwao. Bado tukamaliza wa tatu, Rayon Sports wakapita.

2019 Simba wakarudi, wakamchukua kiungo Francis Kahata. 2020 wakarudi tena, wakamchukua beki Joash Onyango. Hesabu mwenyewe: mfungaji, kiungo, beki wa kati. Miaka mitatu, klabu ileile. Hata muuza samaki wa Dunga, mteja akimjia mara tatu na kuchagua mbuta mkubwa kuliko wote, mara ya nne anapandisha bei.

Sawa, utaniambia pesa zilikwisha. Na hapo una hoja. SportPesa ilikatiza udhamini wake Kenya mwaka 2019, na Gor ikaumia kuliko wote. Mwaka huohuo Tuyisenge akaenda Petro de Luanda ya Angola. Baadaye, 2021, nahodha Kenneth Muguna akaenda Azam. Mchezaji ana familia, miguu yake ina miaka michache ya kazi. Akipata pahali pa kulipwa vizuri aende, mimi simlaumu hata kidogo.

Lakini ukosefu wa pesa unaeleza kwa nini mchezaji anaondoka. Hauelezi kwa nini anaondoka bure.

Hesabu ya miezi sita

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwisha, kwa hivyo sitajifanya wakili hapa. Lakini sheria za FIFA za uhamisho hazihitaji digrii. Tatu tu zinakutosha kuelewa maumivu yetu.

Ya kwanza: mkataba wa mchezaji ukibakiza miezi sita, ana ruhusa ya kusaini na klabu nyingine mapema. Mkataba ukiisha anaenda, na klabu yake haipati ada hata shilingi.

Ya pili: klabu isipomlipa mchezaji mishahara ya miezi miwili, anaweza kuiandikia notisi ya siku 15. Zikiisha bila malipo, ana haki ya kuvunja mkataba. Na deni halifutiki, linaifuata klabu mpaka FIFA.

Ya tatu ndiyo wengi hawaijui: mchezaji akiuzwa nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Yaani ukimlea kijana vizuri na ukawa na karatasi zake, unaweza kula jasho lako miaka mingi baadaye, hata akiuzwa na mtu mwingine kabisa.

Sasa ziweke hizo tatu mezani uangalie klabu yetu. Mwaka 2023 tulitwaa ligi, taji la 20. Zawadi ya bingwa ni kucheza Ligi ya Mabingwa Afrika. Hatukucheza. Tulinyimwa leseni ya CAF kwa sababu ya madeni ya wachezaji. Bingwa wa Kenya akakaa nyumbani kutazama wengine kwenye runinga, yawa! FIFA nayo imewahi kutufungia kusajili kwa sababu ya madeni ya aina hiyohiyo.

Kwa hivyo unaposikia klabu "imesajili wachezaji wapya", usikimbilie kushangilia. Uliza kwanza: wa zamani wamelipwa? Maana usajili mpya juu ya deni la zamani ni kama kuchukua samaki kwa mkopo kwa mama wa pili ilhali wa kwanza anakutafuta soko zima.

Makocha nao wamepita kama matatu

Kikosi hakiwezi kutulia kama anayekichagua hatulii. Angalia orodha hii. Steven Polack aliondoka Oktoba 2020. Akaja Roberto Oliveira, ambaye cheti chake hakikukubalika kwa mechi za CAF. Akaja Carlos Vaz Pinto. Akaja Mark Harrison. Akaja Andreas Spier. Yote hayo kabla ya Agosti 2022. Kila kocha akija ana macho yake. Huyu anataka mawinga wenye mbio, yule anataka viungo wa kukaa na mpira. Mchezaji aliyesajiliwa na kocha wa Januari anawekwa benchi na kocha wa Septemba, kisha anaachwa. Katikati ya fujo hiyo, Desemba 2020, CR Belouizdad wakatupiga 6-0 kule Algiers. Sita! Ligi ikaenda kwa Tusker 2021, na 2022 ikaenda kwa Tusker tena.

Kisha akaja Johnathan McKinstry, Agosti 2022. Akakaa misimu miwili. Unajua alitwaa mataji mangapi ya ligi? Mawili. Hakuja na uchawi. Alikaa, wachezaji wakamjua, naye akawajua. Benson Omala akapewa nafasi mechi baada ya mechi, akafunga mabao mpaka tukachoka kuhesabu.

Kiangazi cha 2024 kikaja, tukarudi palepale. McKinstry akaenda kufundisha timu ya taifa ya Gambia. Omala akaenda Lebanon. Septemba, Al Ahly wakatufunga 3-0 Nairobi na 3-0 Cairo, na mbele hatukuwa na mtu wa kuwatisha. Leonardo Neiva aliyeanza msimu hakuumaliza, ukamalizwa na Sinisa Mihic. Halafu tunashangaa Police wametupita?

Waliokaa pamoja

Kaa karibu na jaduong' yeyote wa hapa Kisumu umtajie 1987. Utasikia majina yakitoka bila kusita: nahodha Austin Oduor, Peter Dawo, Abbas Khamis Magongo, Tobias Ocholla, Sammy Onyango "Jogoo". Mwaka huo Gor ilitoka 2-2 na Espérance kule Tunis, ikatoka 1-1 Nairobi, ikabeba Kombe la Washindi la Afrika kwa bao la ugenini. Mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyoshinda kombe la bara.

Wazee hupenda kusema kikosi kile kilikuwa na roho. Sibishi. Lakini angalia pia kalenda: Gor ilitwaa ligi 1983, 1984 na 1985, na wengi wa waliocheza fainali ile walikuwa wameshinda pamoja miaka hiyo. Beki alijua kipa wake atatoka lini bila kumwangalia. Kitu kama hicho hukipati kwa dirisha moja, na hakiuzwi.

Hata sisi wa juzi tumekionja kidogo. Ukame wa miaka 18 ulipokatika 2013, timu ilishikiliwa, tukashinda tena 2014, na 2015 tukamaliza ligi bila kufungwa hata mechi moja. Michael Olunga alikuwa mle ndani, na alipoondoka aliuzwa, akaenda Djurgården ya Uswidi. Kumbe inawezekana mchezaji kuondoka na klabu ibaki imesimama.

Sasa jaribu hivi. Nitajie kikosi cha kwanza cha Gor cha misimu mitatu iliyopita, mmoja baada ya mwingine. Ukifika jina la tano bila kukwama, soda juu yangu.

Omena wana likizo, vijana wetu hawana

Tunaoishi kando ya ziwa tunajua jambo moja vizuri. Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, uvuvi wa omena hufungwa. Miezi minne. Bei inapanda, watu wananung'unika, lakini kila mvuvi anaelewa kwa nini: usipowaacha wakazaana, mwakani nyavu zitatoka na maji matupu.

Kwa kandanda tumekataa kabisa kuelewa hilo. Kijana wa Nyalenda au Manyatta akisajiliwa, tunamtaka afunge Jumapili hiyohiyo. Akikosa mechi tatu, sisi wenyewe mashabiki tunaanza kupiga kelele aletwe mwingine. Ndiyo, sisi pia. Uongozi unasajili kwa haraka kwa sababu unajua tutafurahi kuona sura mpya.

Na hapa nyumbani hakuna klabu kubwa ya kumlea huyo kijana akisubiri. Kisumu All Stars walipanda ligi kuu 2019, wakadumu msimu mmoja tu. Uwanja wa Mamboleo tunao, mkubwa na mzuri, lakini uwanja haulei mtoto. Kwa hivyo kijana anapanda basi la usiku kwenda Nairobi. Huko, akiachwa baada ya msimu, anarudi bila mkataba na bila maelezo. Stori za kikosi kwetu si za runinga tu. Huyo anayeachwa ni jirani yako, ni mtoto wa shangazi yako.

Cha kuuliza kabla dirisha halijafungwa

Mara ngapi tumechangishwa kwa simu, mia hapa, hamsini pale? Mara ngapi umesafiri usiku kucha, Awasi, Kericho, Nakuru, ili usimame jukwaani dakika 90 na urudi kazini Jumatatu? Mtu anayechanga ana haki ya kuuliza. Kwa hivyo badala ya kuuliza "tunamleta nani?", tuulize haya manne.

Moja, ni wachezaji gani mikataba yao inaisha ndani ya mwaka mmoja, na mazungumzo yameanza? Ikifika miezi sita tumechelewa.

Mbili, madeni ya walioondoka yamelipwa kiasi gani? Hapo ndipo leseni ya CAF ilipo.

Tatu, anayeachwa anaachwa kwa sababu gani, na nani ameamua, kocha au mtu wa ofisini? Kocha asiyechagua kikosi chake hawezi kulaumiwa kwa matokeo.

Nne, vijana wangapi wa timu ya chini wanapandishwa, na wamehakikishiwa muda gani?

Hakuna hata moja hapo linalohitaji mdhamini mpya. Yanahitaji daftari, kalamu, na mtu anayejua leo ni tarehe ngapi.

Sasa zamu yako. Mchezaji yupi wa Gor ungemwongezea mkataba leo hii, kabla ya mwingine yeyote? Liandike jina lake mahali. Januari dirisha likifunguliwa tena, tulitoe hilo jina, tuone kama bado amevaa kijani.