Kichwa kizito kazini: kadi yako ya bima inalipia kitanda au inalipia jibu?



Msimu wa korosho ukipamba moto, watu wa maghala hulala saa chache. Jirani yetu mmoja hapa Mtwara ni karani wa ghala, mtu ambaye kwa miaka mingi hesabu zake hazikuwa na doa. Msimu mmoja alianza kuandika uzito wa gunia moja mara mbili. Akawa anasahau jina la mkulima aliyesimama mbele yake, na anasoma mstari mmoja wa stakabadhi mara tatu asiuelewe. Homa hakuwa nayo, wala kichwa hakikumuuma. Alipoulizwa alijibu tu kwamba kichwa ni kizito, kama kuna ukungu ndani. Akanunua dawa ya mseto duka la dawa bila kupima malaria. Wiki mbili baadaye akanunua vidonge vya vitamini. Mwishowe mkewe akaanza kunong'onezwa kwamba huenda kuna mkono wa mtu. Muda wote huo kadi ya bima ya afya ilikuwa mfukoni mwake. Hakuitumia kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, "mimi sijalazwa."

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Hali aliyokuwa nayo jirani yetu tunaweza kuiita ukungu wa akili. Mtu hapotewi na fahamu, wala hachanganyikiwi kama mgonjwa wa homa kali. Isipokuwa fikra zinakuwa nzito, maneno hayaji kwa wepesi, kumbukumbu ya mambo ya jana inapungua na kazi ya nusu saa inachukua saa mbili. Ilianza kuzungumzwa sana duniani baada ya maradhi ya korona ya mwaka 2020, kwani baadhi ya waliopona walibaki nayo kwa miezi mingi. Lakini ilikuwepo kabla ya korona. Madaktari hawaihesabu kuwa ni ugonjwa unaojitegemea. Ni dalili, kama moshi ulivyo dalili ya moto, na kazi ni kuutafuta moto wenyewe.

Mtu wa taaluma akivunjika mguu, ofisi nzima inaona na kumpa pole. Akili yake ikififia, huitwa mvivu. Naye kwa kuogopa kazi hunyamaza, akaendelea kusaini karatasi. Sasa fikiri huyo ni muuguzi anayepima dozi ya mtoto, au mwendesha kreni bandarini, au fundi katika mtambo wa kuchakata gesi pale Madimba, au dereva anayetoka kiwanda cha saruji na lori lililojaa kuelekea Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500. Kosa la hawa haliishii kwenye karatasi.

Moto wenyewe unatoka wapi? Katika mkoa wetu swali la kwanza ni damu na malaria. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta vimelea vya malaria katika damu ya takriban asilimia 20 ya watoto wa Mtwara walio chini ya miaka mitano, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8. Mtu mzima aliyekulia hapa anaweza kuwa na vimelea bila kutetemeka kwa homa, akabaki na uchovu tu. Juu ya hapo kuna minyoo ya safura, inayoingia kupitia ngozi ya miguu isiyo na viatu na kufyonza damu tumboni, na kichocho kinachotoka kwenye madimbwi na mito ya maji baridi. Kwa akina mama kuna hedhi nzito na uzazi wa karibu karibu. Damu ikipungua, ubongo haupati hewa ya kutosha. Kipimo cha wingi wa damu ni cha dakika chache na kipo hata katika vituo vidogo. Kwa nini basi tunaanza na vidonge vya kubahatisha?

La pili ni sukari. Ikipanda huleta uzito wa kichwa, na ikishuka kwa anayetumia dawa huleta kutetemeka na kuchanganyikiwa. Hili ndilo lililokuwa la jirani yetu. Alipopimwa hatimaye, sukari yake ilikuwa juu sana. Kiu aliyokuwa nayo aliilaumu joto la ghala, na kuamka usiku mara nne kwenda haja ndogo alikulaumu uzee. Wale wanaotumia metformini kwa miaka mingi nao wamuulize daktari kuhusu vitamini B12, kwani dawa hiyo huweza kuipunguza mwilini, na upungufu wake hugusa kumbukumbu.

La tatu ni usingizi, na hapa nataka tukae kidogo. Mtu anayekoroma kwa nguvu, akakata pumzi kisha akashtuka kama aliyetoka kuzama, hajalala hata akikaa kitandani saa nane. Yeye mwenyewe hajui. Anayejua ni mkewe. Mama, ukiliona hilo, mwambie mumeo, na ikibidi nenda naye kwa daktari ukaeleze wewe. Wafanyakazi wa zamu za usiku nao wanahitaji chumba chenye giza na utulivu mchana, jambo gumu katika nyumba zetu za watoto wengi na redio moja isiyozimwa. Na katika Ramadhani wengi huilaumu saumu, ilhali kosa ni barazani. Tarawehe imekwisha, mazungumzo yakaendelea mpaka daku, na asubuhi mtu anasinzia juu ya daftari la wanafunzi. (Mwenye kisukari amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, si baada ya kuzidiwa.)

Yapo na mengine: tezi ya shingoni inayofanya kazi kwa uvivu, presha, kukoma hedhi, sonona na wasiwasi wa muda mrefu, maji kidogo mwilini katika joto la kazi, moshi wa jenereta au jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Hata dawa za kawaida kama piriton, ambazo watu humeza kila wakipiga chafya, hulegeza akili. Lakini mtu akichanganyikiwa ghafla, mdomo ukaenda upande, mkono mmoja ukalegea, maneno yakavurugika, au akawa na homa kali na shingo ngumu, huo si ukungu. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Tuje kwenye kadi. Watumishi wa serikali wanahudumiwa na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani NHIF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Wengi walioajiriwa na kampuni hukatiwa bima binafsi na mwajiri, na hapo ndipo penye tatizo la jirani yetu. Mikataba mingi ya bima binafsi imejengwa juu ya kulazwa. Huduma ya mgonjwa wa nje, yaani kumwona daktari, kupimwa na kurudi nyumbani, mara nyingi ni nyongeza inayolipiwa mbali na yenye ukomo mdogo kwa mwaka. Mwajiri anayebana matumizi hukata hapo kwanza. Sasa ukungu wa akili hauna kitanda. Kuanzia kipimo cha damu, sukari na tezi mpaka mazungumzo na daktari wa afya ya akili, karibu kila kitu chake kinafanyika kwa mgonjwa wa nje. Kadi inayolipia kulazwa peke yake inamsubiri mtu huyu mpaka aanguke, kisha ndipo imjue.

Jirani yetu kumbe alikuwa na huduma ya nje. Hakuwahi kufungua kijitabu alichopewa na kadi. Wangapi wetu tumekifungua?

Mengine ya kuangalia ni haya. Kipo kipindi cha kusubiri, ambapo maradhi uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga hayalipiwi kwa muda fulani au yana ukomo wake. Ipo orodha ya hospitali. Muulize wakala kama Ligula, Ndanda au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo zimo, maana kadi inayong'ara Dar es Salaam na kukataliwa Mtwara ni karatasi tu. Na orodha hiyo hubadilika. Machi 2024 baadhi ya hospitali kubwa za binafsi nchini zilisitisha kwa muda kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa mvutano wa bei, na watu waligundua wakiwa mapokezi. Angalia pia kama sonona imetengwa. Na katika fomu usifiche kisukari au presha ili ulipe kidogo. Ni udanganyifu, na kampuni ikigundua ina haki ya kukataa kulipa siku unapoihitaji zaidi.

Kuna haki nyingine ambayo wafanyakazi wengi hawaijui. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya, wanapoanza kazi na kwa vipindi. Na maradhi yakithibitika kuwa yametokana na kazi yenyewe, yanaingia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaochangiwa na mwajiri. Hayo hayapaswi kumaliza ukomo wa kadi yako.

Tukitaja bima, swali la halali na haramu hufuata, na ni swali la haki. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lenye makao yake Jeddah liliamua mwaka 1985 kwamba bima ya biashara ya ada maalumu ina gharar kubwa inayoharibu mkataba, na likaelekeza kwenye bima ya kusaidiana, ambayo leo tunaiita takaful. Humo wanachama huchanga kwa nia ya kusaidiana na fedha haziwekwi kwenye riba. Sudan walikuwa na kampuni ya aina hiyo tangu mwaka 1979, na majirani zetu Kenya walipata Takaful Insurance of Africa mwaka 2011. Hapa nchini, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ilitoa mwongozo wa takaful mwaka 2022. Aliyekatiwa bima na mwajiri wake bila kuchagua, na anayetaka kujinunulia mwenyewe, hawako katika hali moja. Kila mmoja apeleke suala lake kwa mwanachuoni anayemwamini. Ninachoomba ni kwamba swali hilo lisigeuzwe sababu ya kukaa na ugonjwa nyumbani. Kupima damu na sukari kwa fedha taslimu hakuhitaji kadi yoyote.

Ukienda kwa daktari, usiseme "nimechoka" ukanyamaza. Mweleze ilianza lini, unalala saa ngapi, unakoroma au la, unameza dawa gani pamoja na za miti shamba, na taja makosa mawili matatu uliyoyafanya kazini. Kama aibu inakuzuia, jua kwamba siri ya mgonjwa ni yake na daktari. Mwajiri hana haki ya kusomewa faili lako. Kijitabu cha bima kichukue pia. Wakala akikwambia huduma ya nje imo, mwombe akuoneshe ukurasa, akuoneshe na kiasi cha mwaka kwa tarakimu, kabla hujaweka saini.