Jembe la Mgeni

Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, mama mmoja wa mtaani kwetu alitujia nyumbani akifuatana na bintiye wa miaka 21. Walipokwisha kukaribishwa na kunywa kahawa, mama alitoa simu yake akatuonyesha ujumbe. Familia moja yenye shamba katika nchi mojawapo ya Ghuba ilikuwa ikimwalika binti huyo akakae nao kwa miezi 6. Tikiti ingelipwa. Angekula na kulala kwao, angejionea milima na mitende, na angewasaidia kazi ndogo ndogo za shamba na za nyumba. Mshahara haukutajwa, kwa kuwa, ujumbe ulisema, yeye si mfanyakazi bali ni mgeni.

"Maalim," alisema mama, "wewe ulikwenda Omani na mkeo, mkakaa shambani kwa watu, mkarudi mkisifu. Je, nimwache mwanangu aende?"

Binti alikuwa ameinamisha macho, lakini tuliona jinsi alivyoyakaza masikio. Hatukuwajibu usiku ule. Tuliomba muhula wa wiki moja. Swali lilitugusa kwa sababu ni kweli tulisifu. Tulipokuwa barazani tulisimulia maua na hewa baridi, na mengine tukayaacha. Leo tunapenda kuyasema yote, kwani huenda kuna mama mwingine mwenye ujumbe kama ule.

Mzee aliyetualika tulijuana naye Madina katika Umra. Alisikia lahaja yetu nyuma yake akageuka kwa furaha, maana yeye mwenyewe alizaliwa Pemba, akarejea kwa wazee wake Omani akiwa kijana katika miaka ya 1970, kama walivyorejea wengi. Kiswahili chake kingali cha Kipemba. Alitusihi twende kwao Jabal Akhdar wakati wa mawaridi, nasi tukaitika, sisi na ahali yetu.

Jabal Akhdar maana yake ni mlima wa kijani. Njia yake huanzia Birkat al-Mawz, mji ulio chini ya mlima karibu na Nizwa. Hapo askari hukagua magari, na gari lisiloendeshwa kwa magurudumu yote 4 haliruhusiwi kupanda. Uwanda wa Sayq, ulioko huko juu, una kimo cha yapata mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Sisi watu wa pwani, tuliozoea jasho la Aprili, tulilala chini ya mablanketi mawili mawili. Vijiji vimekaa ukingoni mwa bonde kubwa, na chini yake mashamba yamekatwa ngazi kwa ngazi ubavuni mwa jabali: mikomamanga, mijozi, na katikati yake miwaridi.

Maji ya mashamba hayo huja kwa falaji, yaani mfereji unaotoka kwenye chemchemi na kuteremka kwa mwinamo wake wenyewe, bila ya pampu. Mwenyeji wetu alitufuatisha mkondo wake hatua kwa hatua. Kwanza yapo maji ya kunywa, kisha ya msikiti na ya kuoga, ndipo yaingie mashambani, na kila shamba lina zamu yake. Zamani zamu hizo zilipimwa mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Yapata mifereji 3,000 ya namna hii ingali ikitumika nchini Omani, na mwaka 2006 UNESCO iliorodhesha mitano kuwa urithi wa dunia, mmojawapo ukiwa ni al-Khatmeen wa pale Birkat al-Mawz. Tulikaa kando ya mfereji ule mdogo tukausikiliza, tukamshukuru Mola aliyeyatoa maji katika mwamba.

Siku ya kwanza na ya pili hatukuruhusiwa kuinua hata kikombe. Siku ya tatu, tulipotoka msikitini baada ya Alfajiri, tulikuta vikapu viwili mlangoni. Mzee alicheka mpaka akashika kifua. "Shehe," alisema, "mmesahau ya kwetu? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

Waridi la huko huchanua tangu mwishoni mwa Machi hadi katikati ya Mei, na huchumwa mapema, kabla jua halijalikausha harufu yake. Mzee alitutangulia ngazini kama kijana. Mikono ile ile iliyochuma karafuu Pemba akiwa mtoto sasa ilikuwa ikichuma mawaridi, nayo ilijua kazi yake. Mikono yetu imezoea kalamu na tasbihi. Miiba ilitujua tangu kichaka cha kwanza. Ahali yetu, aliyekuwa upande wa wanawake pamoja na bibi mwenye nyumba na wakwe zake, alijaza vikapu vitatu nasi hatujajaza kimoja. Jambo hilo limekwisha kusimuliwa katika kila harusi tuliyoalikwa tangu turudi.

Adhuhuri tulionyeshwa jinsi marashi yanavyopatikana. Maua hutiwa katika chungu kilichopachikwa kwenye jiko la udongo. Ndani yake huwekwa chombo kidogo cha shaba, na juu hufunikwa kwa bakuli lenye maji baridi. Mvuke wa maua hupanda, hugusa upande wa chini wa lile bakuli, hugeuka matone na kudondoka katika chombo cha shaba. Maji ya juu yakipata moto hubadilishwa. Ni kazi ya saa nyingi, na anayeisimamia hapaswi kulala. Kina mama wanaotia marashi katika mrashi siku ya maulidi au ya arusi, na wanaoyanyunyiza katika halua, wajue kwamba kila tone limemgharimu mtu usingizi wake.

Tuliporudi Mombasa, hayo ndiyo tuliyoyasimulia. Yafuatayo hatukuyasimulia.

Shambani mle mlikuwa na kijana wa Bangladesh, mwajiriwa wa mzee. Tulichuma naye ngazi moja, tukazungumza kwa Kiarabu chake kidogo. Alitwambia ana mtoto wa miaka 3 ambaye hajawahi kumpakata. Siku ya tano goti letu lilituuma. Mzee alipotuona tukichechemea alitupokonya kikapu hapo hapo, akatuamuru tukaketi kivulini, na mjukuu akatuletea kahawa na tende. Kutoka pale kivulini tulimtazama yule kijana. Kidole chake kilikuwa kimefungwa kitambaa kwa ajili ya mwiba, naye aliendelea kuchuma hadi mwisho wa ngazi, akarudi akaanza nyingine.

Hatusemi kwamba alidhulumiwa. Mzee alimlipa kila mwezi, alikula alichokula mzee, na siku ya Ijumaa alipumzika. Alikuwa mwajiriwa, na alijua hivyo. Lakini tulikuwa tumebeba vikapu vya namna moja, na ilitupasa kuelewa kilichotutenganisha. Mgeni ana haki ya kukitua kikapu wakati wowote. Mwajiriwa hana haki hiyo, ila ana haki ya ujira wake, na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha alipwe kabla jasho lake halijakauka. Basi mtu asiyeweza kukitua kikapu, wala halipwi kwa kukibeba, huyo si mgeni wala si mwajiriwa. Huyo amedhulumiwa, hata akiitwa mgeni asubuhi na jioni.

Msahafu umetupa kisa kinachoyatenga mambo haya mawili. Nabii Musa (A.S.) alifika Madyan akiwa mkimbizi, hana kitu. Aliwakuta wanawake wawili wamezuilia wanyama wao kando, wakiwangojea wachungaji wamalize, akawanyweshea, kisha akaenda kivulini. Hiyo ilikuwa hisani, hakudai malipo. Baba yao alipomwita nyumbani na kutaka abaki amfanyie kazi, mambo yalibadilika. Muda ukatajwa, miaka 8, na ikiwa 10 ni kwa hiari yake. Makubaliano yakasemwa waziwazi. Mzee akaahidi kutomtia mashakani, na Mwenyezi Mungu akafanywa shahidi. Ijapokuwa walikuwa watu wema wote wawili, hawakuliacha neno likining'inia. Sisi tulio pungufu kuliko wao tunawezaje kuliacha?

Wala tusidhani kwamba kukaa kwa watu wa shamba na kuwasaidia ni jambo baya. Mwaka 1971 huko Uingereza, Sue Coppard, katibu muhtasi wa London, alianzisha mpango wa watu wa mjini kwenda mashambani mwisho wa wiki, wasaidie kilimo kisichotumia kemikali nao wapate hewa safi. Mpango huo umeenea nchi nyingi: mgeni hufanya kazi sehemu ya siku, mwenyeji humpa chakula na malazi, na hawalipani fedha. Wazee wetu walikwisha kuliona hilo katika methali ya jembe. Jembe la siku ya tatu halikukusudiwa kumchosha mgeni. Lilimwondolea haya ya kula bure. Nasi tumefundishwa kwamba ukarimu ni siku 3, kinachozidi ni sadaka, na kwamba mgeni asikae hadi akamtia mwenyeji wake katika dhiki.

Wiki ilipokwisha, mama na bintiye walirudi. Tuliwapa maswali matano, wayaandike na kumpelekea mwenye kualika.

Kwanza, viza itasema nini? Nchi nyingi huhesabu msaada wa shambani kuwa ni kazi, hata kama mtu halipwi. Anayeingia kwa viza ya matembezi akakutwa shambani anaweza kurudishwa, au akaishi kwa hofu akimtegemea mwenyeji kwa kila jambo.

Pili, pasi itakaa kwa nani? Pasi ya mgeni hukaa na mgeni. Hatujui sababu njema ya mwenyeji kuifungia kabatini mwake.

Tatu, kazi ni ya saa ngapi, na ni kazi gani? Yule asemaye "kidogo kidogo" ataje kidogo hicho ni kiasi gani. Sehemu ya siku isiyo ya kazi ndiyo ya kutazama hiyo milima iliyosifiwa.

Nne, ni nani wamo nyumbani, msichana atalala wapi, na atafuatana na nani? Suala la mahram si la kupuuzwa kwa ajili ya tikiti ya bure. Ahali yetu alistarehe Jabal Akhdar kwa kuwa alikuwa na mumewe, alilala kwa amani, na alichuma maua pamoja na wenye nyumba wenyewe. Mwenyeji anayeshika kikapu kingine kando yako ni mwenyeji kweli.

Tano, akitaka kurudi siku ya kumi, atarudi vipi? Tikiti ya kurudi iwe mkononi kabla hajaondoka, na simu yake isishikwe na mtu mwingine.

Majibu yalikuja baada ya siku 2. La viza walisema tusijali. La pasi walisema huwekwa na bwana mwenye nyumba kwa usalama. La kurudi kabla ya miezi 6 walijibu kwamba hiyo haitawezekana, kwa kuwa watakuwa wamekwisha gharimika. Mama alisoma, akaizima simu, akaiweka mkekani.

Binti alilia. Hatukumlaumu. Alikuwa amekwisha kujiona yuko mlimani, na kijana kutaka kuiona ardhi ya Mola wake si kosa. Msomaji atuwie radhi tukisema kwamba jambo hili wazazi hulisahau: tunajua kumkataza mtoto mlango mmoja, hatujui kumfungulia mwingine. Ahali yetu ndiye aliyeufungua. "Karafuu zimekaribia," alisema. "Huko ni nchi nyingine pia."

Basi ulipoingia msimu, mama na binti walikwenda Pemba, kwa jamaa wa yule mzee wetu wa Jabal Akhdar, aliyewapigia simu yeye mwenyewe. Mkenya haombi viza kuingia Tanzania, na pasi zao zilikaa mikobani mwao. Walikaa siku 12. Siku mbili walikuwa wageni. Siku ya tatu waliketi jamvini pamoja na wanawake wa nyumba, wakichambua karafuu kutoka vikonyo vyake hadi usiku, na asubuhi wakisaidia kuzianika juani. Alasiri binti alitembezwa vilimani na mabondeni na wasichana wa rika lake. Siku moja alipatwa na homa, na bibi mwenye nyumba akamzuia asiguse kitu hadi apone.

Waliporudi, binti alituletea karafuu katika kifuko cha kitambaa. Vidole vyake vilikuwa vimebadilika rangi, na harufu ilikuwa ingali imemganda. Ahali yetu alikipokea kifuko akakiweka kabatini, kando ya chupa ya marashi tuliyopewa Omani siku ya kuagana. Binti akamwuliza mawaridi huchanua mwezi gani. Akamjibu, kisha akaongeza kwamba mwaka ujao, Inshallah, tutakwenda sote, yeye na mamake pia, na vikapu tutabeba siku ya tatu.

Mwenyezi Mungu awahifadhi mabinti zetu popote walipo, na awarejeshe salama walio mbali. Amin.